Madigadi ya Kung'aa

Mimi ni mtu wa kushuku, na sioni aibu kulisema. Nimerithi. Bibi aliyemzaa mama yangu ukimpa maji ya kunywa alikuwa anayanusa kwanza, halafu anakutazama usoni, halafu ndipo anakunywa. Kwa hiyo mtu akiniambia, "Wewe mama unamshuku kila mtu," namjibu ndiyo, na wewe umo. Nimeishi miaka mingi na tabia hiyo, na mara nyingi imenisaidia.

Miaka ile ya soko huria nilikuwa mtumishi wa mifugo. Vijijini walizoea kusema bwana mifugo, sasa walipoletewa mwanamke wakashindwa waniiteje, wakaishia kuniita mama sindano. Kazi yangu ilikuwa kuchanja ng'ombe kwenye vijiji vya kandokando ya ziwa. Tulikaa Buzuruga. Asubuhi natoka na deli la chanjo lenye barafu limefungwa kwa mpira kwenye keria, nafuata lami mpaka Kisesa, halafu nakata kushoto kuelekea Kayenze, na lami inaishia hapo. Mbele ni moramu na changarawe tupu, na pale barabara inapokatiza mbuga, kwenye majaruba ya mpunga, ni ule udongo mweusi ambao mvua ikinyesha unakuvua kiatu.

Pikipiki yenyewe ilitoka kwenye mradi wa wafadhili. Ilikuwa ile ya porini, ndefu, tairi zenye meno, na madigadi ya mbele imekaa juu kabisa, mbali na tairi, imechomoza kama mdomo wa bata. Katikati ungeweza kupitisha papai. Vijana wa mjini walikuwa wananitania, "Mama, hiyo madigadi inakinga nini sasa, mvua?" Na kweli, kukinga haikukinga. Nilikuwa narudi jioni nimechafuka mpaka kifuani, uso wote madoadoa, utadhani nimeshinda nafyatua tofali. Lakini sikuanguka. Masika na kiangazi nilipita njia ile na sikuwahi kuanguka hata siku moja.

Mume wangu alikuwa amepunguzwa kazi kwenye kiwanda cha nguo. Siku hizo neno kupunguzwa lilikuwa kama jina la ugonjwa, watu wakilitaja wanashusha sauti. Akaingia kwenye mitumba, akapata kimeza sokoni Mirongo, asubuhi anabeba mzigo wake anakwenda, jioni anarudi. Alikuwa mpole. Mwenye mdomo nyumbani kwetu ni mimi. Lakini mwanamume aliyepunguzwa kazi, na mkewe anapanda pikipiki ya serikali, hapo maneno hayakosi. Siku moja baada ya ibada, mzee mmoja wa jumuiya yetu alimuuliza mbele ya watu, "Baba, huyu mama akirudi na matope yake, nani anamfulia? Wewe?" Wakacheka. Mume wangu akacheka nao. Mimi nilimtazama yule mzee mpaka akakumbuka kwamba ana safari.

Basi, Jumamosi moja nilikuwa nimekwenda msibani upande wa kwetu. Narudi jioni nakuta pikipiki imebadilika. Madigadi ya mbele imekuwa ya chuma, inang'aa unajiona, imeshuka chini na kulifuata tairi kwa karibu mno, kama za pikipiki za matajiri wa mjini. Nyuma yake imefungwa raba ndefu iliyokatwa kwenye tairi kuukuu, karibu iguse ardhi, imeandikwa kwa rangi nyeupe MUNGU MBELE.

"Ile ya zamani ilipasuka," mume wangu akasema. "Nilikuwa naiingiza pikipiki ndani ikagonga ukuta. Nimeona nikutafutie nzuri zaidi."

"Bila kuniambia?"

"Ningekuambia ungekataa. Nimempelekea fundi wa pale Mirongo, kaifunga vizuri tu. Sasa utafika msafi, mke wangu. Hata kwa mama utashuka kama mtu anayetoka kanisani."

Hapo ndipo ninapojishangaa mpaka leo. Mimi, mjukuu wa yule bibi, siku hiyo sikunusa kitu. Nilifurahi! Maana kwetu ukweni si mahali pa kufika ovyo. Mkwe akifika na matope mpaka kifuani, wanaona kama amewadharau, na majirani wanauliza huyu mlimtoa wapi. Kijiji cha mama mkwe kilikuwa kwenye njia yangu ya kazi, na kila nilipopita ilibidi nisimame kisimani, ninawe uso na miguu, nifunge kitenge kisafi, ndipo niende kupiga goti. Safari ya kwanza na madigadi mpya nilifika nimetakata. Mama mkwe akanisalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mwanangu," akanizunguka kunikagua mbele na nyuma, akaridhika. Kila aliyeiona madigadi ile aliisifu, na mimi nikaisifu.

Haukupita muda nikaanguka. Barabara ilikuwa kavu, changarawe imetapakaa juu kama mahindi yaliyoanikwa. Nikasikia mbele krrr, kama kitu kinasagwa, usukani ukawa mzito, na kufumba na kufumbua niko chini, deli limefunguka, chupa za chanjo zimetawanyika vumbini. Nikainuka, nikajikung'uta, nikaikagua pikipiki. Tairi linazunguka. Breki zinashika. Hakuna kilicholegea. Nikajiuliza: nani ameigusa pikipiki yangu?

Angalieni swali lenyewe. Sikuuliza ni nini. Niliuliza ni nani, na jibu nilikuwa nalo tayari.

Ofisini palikuwa na bwana mifugo mwenzangu, mtu mzima kuliko mimi, aliyekuwa anatumia baiskeli kwa sababu vijiji vyake vilikuwa vya karibu. Kila akipita kwenye pikipiki yangu lazima aipapase tangi, aseme, "Chombo hiki, dada!" Sasa mtu anayepapasa mali ya mwenzake si anaitaka? Na wote tulijua fagio la kupunguza wafanyakazi litafika hata kwetu. Bosi alikwisha kusema kikaoni waziwazi kwamba asiyefika vijijini hana sababu ya kulipwa. Mwenye pikipiki alikuwa na kazi. Mimi bila ile pikipiki nisingefika Kayenze, na nisipofika Kayenze, nyumbani kwetu tungekuwa wawili tuliopunguzwa, na watoto wanasubiri ada.

Niliporudi ofisini na goti limechunika, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kunipa pole. "Pole sana dada. Vyombo hivi jamani, vina wenyewe."

Vina wenyewe! Mtu anakuambia maneno hayo mchana kweupe, halafu unataka nisimshuku?

Kuanzia siku hiyo nikaweka ulinzi. Nilipaka chaki kwenye kila nati, ili mkono ukigusa nijue. Nilifunga uzi mweusi kutoka kwenye waya wa breki kwenda kwenye shokapu, mwembamba hata mimi mwenyewe ilibidi niutafute. Ofisini nilikuwa naegesha mbele ya dirisha ninaloketi. Nyumbani pikipiki ililala sebuleni, imeegemea kabati la vyombo, tukawa tunakula ugali na harufu ya petroli. Mume wangu hakulalamika. Asubuhi alikuwa anaitoa nje yeye mwenyewe, anaifuta madigadi kwa kitambaa, huku ananiuliza, "Leo unapita wapi?" Namtajia kijiji. "Helmeti umechukua?" Nimechukua. "Haya, nenda salama."

Mvua za kwanza ziliponyesha nikaanguka tena, na safari hii nilirushwa mbele, nikapita juu ya usukani, nikatua kwenye jaruba la watu. Kama si helmeti, leo mngesimuliwa na mtu mwingine. Wakulima waliokuwa wanalima pale wakaja mbio, wakaniinua, wakaivuta pikipiki kinyumenyume mpaka pakavu, wakaitikisa, ikawaka. Nikachungulia nati: chaki ipo. Uzi: upo. Mungu wangu!

"Mama sindano," mmoja wao akaniambia taratibu, "hapa kuna mkono wa mtu."

"Najua," nikamwambia. "Tena namjua."

Ndiyo namna yetu hiyo. Ng'ombe akifa, nani kamtazama? Mtoto akiumwa tumbo, nani alimpa kitu? Tunatafuta mtu kwanza, na kwa kawaida tunampata, maana ukishaamua kutafuta mtu, watu hawakosekani. Mimi niliyesomea vijidudu chuoni, niliyekuwa nawaambia wafugaji kila siku kwamba ng'ombe wao wameuawa na kupe wala si na jirani, nilikuwa natafuta mtu vilevile.

Bosi aliniita. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na hofu yake, kwa sababu hata yeye alikuwa na bosi. "Mama, chanjo zimemwagika mara mbili," akasema. "Wakubwa wameanza kuuliza kama mwanamke anaziweza hizi pikipiki. Ukianguka tena, chombo nampa mwenzako. Sitakuwa na la kufanya."

Nikatoka pale na hasira. Mwenzangu alikuwa ameketi barazani anakula muhogo. Akanisalimia, nikapita.

Mara ya tatu nilikuwa nakwenda mwendo wa kinyonga. Nilikuwa nimepita moramu yote salama, nimezoa changarawe kwenye meno ya tairi kama kawaida, sasa naingia mbugani kwenye tope. Nikasikia usukani unakuwa mzito. Nikapunguza zaidi. Halafu tairi la mbele likasimama papo hapo, mimi sikusimama. Goti lilelile likafika chini kwanza, na pikipiki ikaja juu ya mguu wangu.

Nilikuwa nimelala ubavu, uso wangu umeelekea gurudumu la mbele, siwezi kuinuka. Injini bado inaunguruma. Tairi la nyuma linazunguka hewani. La mbele limekwama kabisa. Na kwa kuwa sikuwa na pa kwenda, nikatazama. Kati ya tairi na ile madigadi ya kung'aa, pale palipokuwa na nafasi isiyopita hata kidole, pamejaa udongo mweusi uliokandwa na changarawe, umeshikamana kama ukuta uliopigwa lipu. Ile raba yenye maandishi nayo imevutwa na tope, ikajikunja kuingia humo ndani. Nikaokota kijiti, nikachokoa. Jiwe moja dogo likaruka, bonge likadondoka, nikalisukuma tairi, likazunguka taratibu, kana kwamba halijafanya kitu.

Nikaelewa yote. Ile krrr ya siku ya kwanza ilikuwa kijiwe kilichobanwa, nami nilipogonga chini kikatoka. Siku ya pili wakulima waliivuta pikipiki kinyumenyume, wakausafisha ushahidi bila kujua. Ule mdomo wa bata tuliokuwa tunaucheka uliwekwa juu kwa sababu. Kwenye changarawe na tope, tairi linabeba vitu, na vile vitu vinahitaji pa kutokea. Afadhali vikutokee kifuani.

Lori la mchanga lilinirudisha mjini mimi na pikipiki. Bosi hakusema mengi. Alinipa wiki moja nipone goti. "Jumatatu ijayo uilete, na funguo," akasema.

Mimi wala sikuhuzunika. Nilikuwa nimeshapata dawa. Siku ya tatu nikajikongoja mpaka kwa fundi wa Mirongo, mwanamume mmoja mnene aliyekuwa na gereji yake ya mabati kando ya mto. Nikamwambia, "Fundi, nitafutie madigadi kama ile yangu ya zamani, iliyopasuka."

"Iliyopasuka?" Akaacha kufunga nati. "Mama, ile haikupasuka."

"Si iligonga ukuta?"

"Ilikuja nzima, nimeifungua kwa mikono yangu. Haina hata mchubuko. Mzee wako akaifunga kwenye gunia akaondoka nayo. Mimi nilidhani mnaiuza."

Nilikaa kwenye tairi bovu lililokuwa pale. Fundi akaniuliza kama goti linauma, nikasema ndiyo, goti.

Kikulacho ki nguoni mwako. Msemo huu nilikuwa nausikia tangu utotoni na kila mara nilifikiri unawahusu wengine. Njiani narudi Buzuruga nilikuwa napanga mambo kichwani, na yakapangika vizuri mno. Mwanamume amepunguzwa kazi. Watu wanamcheka. Mkewe ndiye analisha nyumba. Anatoa madigadi nzima, anamwambia mkewe imepasuka, anaweka nyingine inayokaba tairi. Kila asubuhi anaifuta, anauliza, "Leo unapita wapi?" Ya nini kuuliza? Na helmeti je? Mtu anayetaka ufe anaweza kukukumbusha helmeti? Nikajijibu: mwenye akili atakukumbusha.

Nyumbani hapakuwa na mtu. Nikatafuta. Ilikuwa chini ya kitanda chetu, upande wake, nyuma ya mizigo ya mitumba, imeviringishwa kwenye gunia. Nzima kabisa, na tope langu la zamani limekaukia juu yake. Jamani, nililia. Nililia kwa sauti, nikiwa nimekaa sakafuni, goti limenyooshwa, nimeikumbatia madigadi. Halafu nikaiviringisha kama nilivyoikuta, nikairudisha, nikaenda kunawa uso.

Wiki ile ilikuwa ndefu. Mume wangu alikuwa hafungui kimeza mapema, anabaki kunihudumia. Ananipikia. Ananikanda goti kwa maji ya moto na kitambaa, polepole, anasema pole, pole mama, na mimi natazama utosi wake ulioinama nafikiri: huyu mtu ni nani? Akicheka, najiuliza anacheka nini. Akinyamaza, najiuliza anapanga nini. Akaniambia, "Labda uiache tu hii pikipiki. Naogopa." Thubutu! Nikasema moyoni, umejisema mwenyewe.

Kumuuliza sikutaka. Mtu ukimuuliza anakujibu, na jibu ni maneno tu. Nilitaka kuona.

Sasa kabla sijafika Jumamosi ya wiki ile, niwaondolee wasiwasi wa Jumatatu. Pikipiki sikunyang'anywa. Nilikwenda nayo kwa bosi nikiwa nimebeba madigadi zote mbili, nikamwonyesha, akapiga filimbi. Na yule mwenzangu niliyemwekea chaki na uzi? Alipofika akamshukuru Mungu kwa sauti. Kumbe alikuwa amekwenda kwa bosi mara mbili kumsihi asimpe pikipiki, maana alikuwa anaiogopa kuliko fisi, na ule upapasaji wote ulikuwa mshangao wa mtu mwoga. Hayo ndiyo ya kazini. Nilichanja ng'ombe njia ile mpaka nilipostaafu. Lakini linalonikaa mimi ni la Jumamosi.

Alfajiri ilinyesha. Tumekunywa chai, nikamwambia, "Baba watoto, mama hujamwona siku nyingi. Kwa nini usiende leo? Chukua pikipiki."

Alinitazama kama hajasikia vizuri. Kuendesha alijua, kiwandani alikuwa anatumwa na pikipiki yao. Lakini hii sikuwahi kumwachia hata kwenda dukani, kwa sababu ni mali ya serikali na majirani wana macho.

"Kweli?"

"Kweli. Mara moja tu."

Akanyoa ndevu. Akapiga pasi shati lake jeupe. Akafuta viatu. Mimi nimekaa na goti langu, namfuata kwa macho chumba hadi chumba. Nilikuwa nimejiambia hivi: kama anajua ile madigadi inafanya nini, hatapanda. Atapata sababu. Atasema kichwa kinamuuma, atasema mvua, atasema kimeza hakina mtu. Nikasubiri hiyo sababu. Nikaisaidia hata kuja.

"Mbugani kumenyesha," nikamwambia.

"Ndiyo maana ya madigadi," akasema, akaipigapiga kwa kiganja, kama mtu anayempongeza ng'ombe wake.

Nikamfunga helmeti kwa mikono yangu, chini ya kidevu. Akapiga kiki, ikawaka. Akaketi, akanyoosha mgongo, akanigeukia anatabasamu, ana furaha tupu usoni, ile furaha niliyokuwa sijaiona tangu kiwanda kimtoe. Akatia gia.

Nikachomoa funguo.

"Nini tena?"

"Shuka."

"Mke wangu, vipi?"

"Shuka nimekwambia!"

Jirani aliyekuwa anaanika nguo akasimama kututazama. Mume wangu akashuka. Nikamwambia achuchumae mbele ya gurudumu, aingize kidole kati ya tairi na madigadi. Akajaribu, hakikuingia. Nikamwambia, "Sasa tairi likizoa changarawe, halafu likaingia kwenye tope la mbugani, vinakwenda wapi?"

Alitazama kwa muda. Kiwandani alikuwa mtu wa mashine za nyuzi. Nikaona anaielewa, na nikaona inavyomuumiza kuielewa.

"Inakaba," akasema. "Kama pamba kwenye roli. Inakaba tairi."

"Imekaba mara tatu."

Akalitazama goti langu. Akakaa chini palepale, kwenye tope la uani, na shati lake jeupe na suruali ya pasi, kama mtoto. Mimi nikaingia ndani, nikatoka na gunia, nikalitupa mbele yake.

"Na hii ilipasukia wapi?"

Hakubisha. Alisema bila kuinua uso, "Walikuwa wanakucheka. Kanisani walikucheka, mjini wanakucheka, hata kwa mama walikuwa wanasema. Nilikuwa nawasikia, wewe hukusikia yote. Nikasema nikimwambia tubadilishe, atasema ni mali ya serikali isiguswe. Ndiyo nikasema imepasuka. Nilitaka ufike msafi. Basi."

Nilimwamini. Niseme ukweli, nilikuwa nimemwamini tangu alipotia gia. Moyo wangu ulikuwa umeshuka, nilikuwa naona kama nimetua mzigo wa kuni, nikataka hata kucheka. Nikadhani yamekwisha.

Lakini yeye alikuwa anavua helmeti polepole. Akaitazama helmeti. Akanitazama mkononi, nilivyozishika zile funguo. Mume wangu si mtu wa haraka, ila akianza jambo hufika mwisho wake.

"Hili la madigadi umelijua lini?"

"Tangu nilipoanguka."

"Na leo ukanipa pikipiki."

Nikazificha funguo kiganjani.

"Ulikuwa unanipima," akasema.

"Nisingekuacha utoke. Mimi nilikuwa..."

"Ulidhani nataka ufe."

Angekuwa mtu mwingine ningetafuta maneno. "Ndiyo," nikasema.

"Wiki yote hii. Nakupikia, nakukanda."

"Nilikuwa nasubiri wewe uanze kula. Ndipo na mimi nakula."

Niliona anarudi nyuma kichwani, anapita kwenye meza yetu siku moja moja, anayaona. Jirani alikuwa ameingia ndani. Mume wangu akainuka, tope linamdondoka, akaipangusa mikono kwenye shati bila kuangalia. Hakupandisha sauti, na ningeomba apandishe.

"Na leo," akaniuliza, "kama tumbo tu lingeniuma asubuhi, nikakuambia sitaweza kwenda. Tumbo tu. Ungenidhania hivyo mpaka lini?"

Nikaingia ndani kumletea spana, afungue ile madigadi.